Hatua Mbili Zilizobaki: Mchezo wa Sataranji Unavyoamuliwa Nje ya Ubao

Nyeusi ana mfalme na kitunda kimoja. Nyeupe ana mfalme na farasi, basi. Mchezo umeingia saa ya tano, hatua zimeshapita sabini, ukumbi umepungua watu. Wachezaji wote wawili ni wa ridhaa: Nyeupe ana alama 1500 za kupimia uwezo, Nyeusi 1700, watu wenye kazi zao nyingine kuanzia Jumatatu. Mchezo huu nimeutunga kwa ajili ya maelezo, lakini kanuni zote nitakazozitaja ni za Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, na mtego uliomo ubaoni una umri wa karibu miaka mia tatu.

Kama una ubao karibu, upange uone mwenyewe. Herufi a hadi h ni safu, kuanzia kushoto kwa Nyeupe; namba 1 hadi 8 ni mistari, kuanzia upande wake. Mfalme mweupe yuko c2, farasi wake d3. Mfalme mweusi amejibana kwenye kona ya a1, na kitunda chake kiko a3, kikielekea chini. Zamu ni ya Nyeusi.

Ukihesabu utakuta Nyeusi ana hatua mbili tu za halali. Nyumba za b1 na b2 zinalindwa na mfalme mweupe, kwa hiyo mfalme mweusi anaweza kwenda a2 tu. La sivyo, kitunda kisukumwe kwenda a2. Hakuna ya tatu.

Kitunda kikisukumwa, mchezo unaelekea sare. Farasi aliyeko d3 hawezi kumtishia mfalme wa kona kwa mruko mmoja. Akiruka kokote, Nyeusi anabaki hana hatua hata moja ya kucheza ilhali mfalme wake hatishiwi, na kanuni inasema hiyo ni sare papo hapo. Mfalme mweupe naye akiondoka kumfungulia mlango mwenzake, mfalme mweusi anachomoka, na kitunda kinakaribia kugeuka malkia. Nyeupe mwenye akili timamu atachukua sare.

Mfalme akienda a2, ni kifo. Farasi anaruka b4 na kutoa cheki, yaani anamtishia mfalme. Mfalme hana pengine ila kurudi a1. Hapo Nyeupe anasogeza mfalme wake c1, kimya kimya, bila kutishia chochote. Nyeusi sasa hana budi kusukuma kitunda hadi a2, kwa kuwa ndiyo hatua pekee aliyonayo. Farasi anatua c2: mati, yaani mfalme anatishiwa na hana pa kukimbilia. Mfalme amekufa kwa kuzibwa na kitunda chake mwenyewe.

Wachezaji wa zamani wanauita mtego huu kwa jina la Philip Stamma, mzaliwa wa Aleppo nchini Syria, aliyechapisha mkusanyiko wa hali za namna hii mjini Paris mwaka 1737. Huyohuyo ndiye aliyetumia mapema utaratibu wa kuandika nyumba za ubao kwa herufi na namba, a1 hadi h8, tunaoutumia leo. Wachezaji wetu wawili hawamjui Stamma. Na hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu hali hii ya ubao si mara ya kwanza kutokea mbele yao. Mara mbili tayari mfalme mweusi ameenda a2, farasi akatoka d3 kwenda e5, mfalme akarudi a1, farasi akarudi d3. Yaani Nyeupe alikuwa na ushindi mkononi mara mbili akaupita, na Nyeusi mara mbili amenusurika bila kujua. Hataki kusukuma kitunda kwa kuwa anaiona ile sare, na yeye ndiye mwenye kitunda, ndiye anayetafuta ushindi. Anasubiri Nyeupe achoke, asogeze mfalme vibaya.

Aliyezoea kucheza kwenye simu ataona kwamba swali limekwisha: hatua mbili, moja sare, nyingine kushindwa, chagua. Ukumbini swali ndiyo kwanza linaanza. Programu ya simu inakufanyia kazi tatu bila wewe kuziona. Inakuzuia kucheza hatua isiyo halali. Inakumbuka kila hali iliyopita na kutangaza sare inapojirudia. Inaangalia muda na kuamua nani kashindwa. Kwenye meza ya mashindano kazi hizo zimegawanywa kati ya mkono wako, karatasi yako na saa iliyo pembeni, na usipozifanya hakuna atakayekufanyia. Mwamuzi yupo, lakini anaweza kuwa na meza ishirini za kuangalia, na mambo mengi hayaamui mpaka aitwe.

Tuanze na mkono, maana ndio mwepesi kuponza.

Kanuni ni fupi: mwenye zamu akigusa kete yake kwa makusudi, lazima aicheze, ilimradi ina hatua ya halali. Akigusa ya mpinzani, lazima aile kama inalika. Akitaka tu kuiweka sawa katikati ya nyumba yake, aseme kwanza, "narekebisha" au neno lolote la maana hiyo, kisha ndipo aguse. Kusema baada ya kugusa hakusaidii.

Sasa rudi kwenye a1. Nyeusi ana kete mbili tu. Akinyoosha vidole na kumgusa mfalme, ameshachagua a2 hata kama macho yake yalikuwa bado yanafikiri. Sare aliyokuwa nayo imeondoka kwa mguso. Hata wakubwa hawasalimiki: Machi 2016, kwenye mashindano ya Moscow ya kumtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia, Hikaru Nakamura alimgusa mfalme wake katika mchezo dhidi ya Levon Aronian, ulipofika mwishoni na kubaki wafalme, ngome na vitunda, akataka kulichukulia kama kurekebisha. Aronian akakataa. Mfalme ikabidi asogezwe, na Nakamura akapoteza mchezo. Yule ni mmoja wa wachezaji bora duniani, tena mbele ya kamera.

Kuna upande wa pili wa kanuni hii ambao wachezaji wa ridhaa wengi huusahau. Anayelalamika kuwa mwenzake kagusa kete lazima alalamike kabla yeye mwenyewe hajagusa kete ya kucheza. Nyeupe akinyamaza, Nyeusi akaachia mfalme na kusukuma kitunda, kisha Nyeupe akacheza farasi wake ndipo akakumbuka kumwita mwamuzi, amechelewa. Haki yake imepita.

Mkono una mitego mingine midogo. Unaocheza kete ndio huohuo unaobonyeza saa, si mmoja huku na mwingine kule. Hatua ya pekee inayosogeza kete mbili kwa pamoja, mfalme na ngome, huanzia kwa mfalme. Ukigusa ngome kwanza ukadhani ni yaleyale, unalazimika kucheza ngome peke yake. Na kitunda kikifika mwisho, simu hukupa malkia yenyewe. Mezani unamtafuta malkia kwa mkono. Wengine hugeuza ngome juu chini na kusema huyu ni malkia, jambo linalokubalika barazani lakini kwa kanuni ngome iliyogeuzwa ni ngome. Nikolay Noritsyn lilimkuta hilo mwaka 2017 katika mchezo wa haraka wa kuamua bingwa wa Canada dhidi ya Bator Sambuev: malkia hakuwepo mezani, muda unakimbia, akaweka ngome juu chini, mwamuzi akasema ni ngome. Sambuev akatwaa ubingwa. Kilichokuwa sahihi ni kusimamisha saa na kumwomba mwamuzi alete malkia, na kanuni inaruhusu kabisa kufanya hivyo. Ila ukiwa na sekunde chache nani anakumbuka?

Karatasi inaonekana kama kazi ya ukarani. Kila mchezaji anaandika hatua zake na za mpinzani, moja baada ya nyingine, kwa herufi na namba za Stamma. Haruhusiwi kuandika hatua kabla hajaicheza, isipokuwa kama anataka kudai sare. Akiwa na chini ya dakika tano anaweza kuacha kuandika, lakini hilo ni pale ambapo saa haiongezi sekunde 30 kwa kila hatua. Ikiongeza, anaandika mpaka mwisho. Kwa hiyo wachezaji wetu, saa ya tano, vidole vimechoka, bado wanaandika.

Na ndani ya karatasi hiyo Nyeusi ana sare ambayo haihitaji kusogeza chochote.

Hali ya ubao inapojirudia mara tatu, mwenye zamu anaweza kudai sare. Neno la kushika hapo ni "kudai". Si mwamuzi atakayetangaza. Yeye huingilia mwenyewe ikifika mara tano. Kati ya tatu na tano, jambo liko mikononi mwa wachezaji. Tena si lazima marudio hayo yafuatane. Hali inaweza kutokea hatua ya 40, ikarudi ya 52, ikarudi ya 71. Kinachotakiwa ni kete zilezile kwenye nyumba zilezile, zamu ya mtu yuleyule, na uwezekano uleule wa hatua kwa pande zote mbili. Ndiyo maana karatasi ni ushahidi. Bila hiyo, unamwambia mwamuzi nini? Kwamba unakumbuka?

Namna ya kudai ina njia mbili. Kama hali imeshatokea ubaoni mara ya tatu na zamu ni yako, unasimamisha saa na kumwita mwamuzi. Kama hatua unayotaka kucheza ndiyo itakayoileta, unaiandika kwenye karatasi bila kuicheza, kisha unamwita. Wengi hukosea hapa: wanacheza ile hatua kwanza, wanabonyeza saa, halafu wanadai. Zamu si yao tena, dai halisikilizwi.

Kwa Nyeusi wetu, njia ya kwanza iko wazi. Mfalme mweupe c2, farasi d3, mfalme mweusi a1, kitunda a3, zamu yake: ndiyo hali ya tatu. Asimamishe saa, amwite mwamuzi, karatasi zihesabiwe, sare. Lakini akimgusa mfalme kwanza, hata kwa kidole kimoja, haki ya kudai kwa hatua hiyo imekwisha, na mfalme lazima aende a2. Unaona jinsi mkono na karatasi vinavyokutana. Dai likiwa si sahihi, mpinzani anaongezewa dakika mbili na mchezo unaendelea, adhabu ambayo si kubwa kiasi cha kumtisha mtu mwenye hesabu yake mkononi.

Mwaka 1971 mjini Buenos Aires, katika mchezo wa tatu wa fainali ya kumpata mpinzani wa Boris Spassky, bingwa wa dunia wa wakati ule, Bobby Fischer alikuwa katika hali mbaya dhidi ya Tigran Petrosian. Hali ikajirudia mara tatu, Fischer akadai, sare ikaandikwa. Petrosian, bingwa wa zamani wa dunia, aliondoka na nusu alama ya sare mahali ambapo angeweza kutafuta zaidi. Hesabu ya marudio haina heshima kwa cheo.

Ipo pia kanuni ya hatua hamsini: kila mmoja akicheza hamsini bila kitunda kusogea wala kete kuliwa, mwenye zamu anaweza kudai sare, na zikifika sabini na tano mwamuzi anaifunga mwenyewe. Katika mchezo wetu haijafika huko.

Saa ndiyo yenye fundo gumu zaidi, na ndiyo inayozua ugomvi mwingi kwa wachezaji wa ridhaa, kwa sababu hukumu yake huonekana kama dhuluma mpaka uielewe.

Tuseme mashindano haya yanampa kila mchezaji dakika 90, na sekunde 30 zinaongezwa kwa kila hatua tangu ya kwanza. Aina hii ya saa ilipata hataza Marekani mwaka 1989, na mwenye hataza ni Fischer huyohuyo. Kabla yake, mtu angeweza kuwa na ushindi wa wazi akafa kwa kukosa sekunde za kuucheza. Nyongeza imepunguza hilo, haikuliondoa. Nyeusi amekuwa akiishi kwa sekunde 30 zake kwa nusu saa sasa. Anafikiri, anacheza, anaandika, anapata nyingine 30. Safari hii ameona kitu. Anahisi a2 ya mfalme ina harufu mbaya ingawa hajui kwa nini. Anaangalia kitunda. Anarudi kwa mfalme. Saa inasoma sifuri.

Nani kashinda?

Ukumbini wengi watasema sare, na watasema kwa uhakika. Nyeupe ana farasi mmoja tu! Farasi peke yake hawezi kumfunga mfalme. Baadhi ya tovuti za kuchezea nazo huhesabu hivyo, na zimewazoesha watu. Kanuni ya FIDE inasema vingine. Aliyeishiwa muda anashindwa, isipokuwa mpinzani wake hawezi kutoa mati kwa mfululizo wowote wa hatua halali, hata pande zote mbili zikicheza ovyo kupita kiasi. Swali analoulizwa mwamuzi si kama Nyeupe angeshinda, wala kama Nyeusi angecheza vizuri. Anaulizwa: je, mati inawezekana? Tumeshaiona ikitokea kwa hatua tatu. Nyeupe ameshinda.

Lenye kuuma zaidi ni hili. Kama kitunda cha Nyeusi kingekuwa kimeliwa, akabaki na mfalme mtupu, saa ikimwishia ingekuwa sare, kwa sababu mfalme na farasi hawana namna yoyote ya kumfunga mfalme aliye peke yake. Kitunda anachokitegemea kwa ushindi ndicho kinachoziba a2 na kufanya mati iwezekane. Mali imemfilisi mwenye mali. Nimewahi kusikia watu wakiiita kanuni hii ya kijinga, nami siungani nao. Mbadala wake ni kumtaka mwamuzi akadirie nani ana uwezo gani, na mwamuzi mwenyewe huenda ni mchezaji wa alama 1400. Afadhali swali lenye jibu moja.

Kwenye mashindano ambayo saa haina nyongeza, kuna mwongozo wa ziada: mchezaji aliyebakiwa na chini ya dakika mbili anaweza kumwomba mwamuzi, kwa mfano, ampe kila mmoja nyongeza ya sekunde tano, au atangaze sare kwa kuwa mpinzani hana njia ya kawaida ya kushinda. Mwongozo huo hutumika tu kama ulitangazwa kabla ya mashindano. Uliza asubuhi, usiulize ukiwa na sekunde arobaini.

Na kama Nyeupe angekuwa ameshatua c2 na kutoa mati, halafu saa yake yeye ikaisha kabla hajaibonyeza, ushindi ni wake. Mati humaliza mchezo palepale ilipotokea, na saa haina la kusema tena.

Mtu aliyekulia pembeni ya drafti au bao atashangaa zaidi na ukimya wa watazamaji. Barazani mtazamaji hucheza kuliko mchezaji. Anasonya, anashauri, anakamata mkono. Hapa jamaa aliyesimama nyuma ya Nyeupe, ambaye ameiona b4 ya farasi mara mbili ikipitwa, hana ruhusa ya kusema neno. Akiona ukiukaji wa kanuni anaweza kumwambia mwamuzi tu, si wachezaji. Akiona hatua nzuri, aimeze.

Ungejiuliza kwa nini watu wazima wanakaza shingo hivi kwa mchezo usio na fedha. Sehemu ya jibu ni alama. Utaratibu wake ulibuniwa na Arpad Elo, mwanafizikia wa Marekani mzaliwa wa Hungary, na FIDE ikauchukua mwaka 1970. Tofauti ya alama 200 inamaanisha mwenye nyingi anatarajiwa kuvuna takriban asilimia 76 ya alama za michezo wanayokutana. Kwa mchezaji mzima wa kawaida wa daraja hili, tofauti kati ya alichotarajiwa kupata na alichopata huzidishwa kwa 20. Kwa hiyo Nyeusi akisukuma kitunda, au akidai marudio, sare inampunguzia alama 5.2. Akimgusa mfalme na Nyeupe akaamka usingizini, au akiacha sekunde 30 zipite, anapoteza 15.2, na Nyeupe anazipata hizohizo. Na ule ushindi aliokuwa akiuwinda kwa kumzungusha mfalme kati ya a1 na a2? Ungemwongezea 4.8.

Mchezo ukiisha, wote wawili wanaandika matokeo na kusaini karatasi zote mbili. Hapo pia kuwa macho: matokeo yaliyosainiwa yanasimama hata kama yameandikwa kimakosa, mpaka mwamuzi aamue vinginevyo. Soma kilichoandikwa kabla ya kuweka sahihi, hasa kama ndiyo kwanza umeambiwa kwamba farasi mmoja amekushinda.